Gari Lililokataa Sumaku

Tang!

Mfuniko wa sufuria ulianguka sakafuni, ukazunguka gizani, ukatulia.

Msomaji, wiki jana ulimwacha Rael Nakhumicha pale pale: ameketi kitandani, mwiko mkononi, binti yake Lornah amelala nyuma ya mgongo wake, na ng'ambo ya pazia mtu anapapasa vyombo. Mume wake hayuko kitandani. Kuku hawajalia. Mbwa wa nyumba kubwa hata hakubweka.

"Nani?" Rael aliuliza.

Vyombo vikagongana tena.

"Nasema nani huyo? Nina panga!"

"Una mwiko," sauti ikamjibu. "Panga iko kwa mtu wa bustani tangu juzi."

Rael akawasha kiberiti. Mbele yake alikuwa Joash Odhiambo, mume wake wa ndoa ya kanisa, kifua wazi, amekumbatia mkebe wa mafuta ya kupikia kama mtu aliyeokoa mtoto motoni.

"Baba Lornah! Siku hizi unakula mafuta mabichi?"

"Sili. Napaka."

"Unampaka nani?"

"Mjusi. Viti vyake vimekauka ngozi. Tajiri anakuja leo. Akalie kitu imekauka kama samaki?"

"Na mimi mboga ya sukuma nitakaanga na nini? Na mate?"

Joash aliinama kuutafuta mfuniko, na kiberiti kikazimika kwenye vidole vya Rael.

Kwa wewe unayeungana nasi leo: Mjusi ni gari. Ni gari la milango miwili, jembamba, la rangi ya kijivu, fupi kwenda juu hivi kwamba mtu mzima husimama kando yake akaweka kiwiko juu ya paa. Wafanyakazi wa majumba ya mtaa wa Lavington ndio waliolibandika jina hilo. Bwana Hallam alilileta kwa meli kutoka Italia, akalikimbiza katika mashindano kule Nakuru, na mkataba wake ulipokwisha akarudi kwao Uingereza. Joash alikuwa dereva wake tangu kabla ya Uhuru. Badala ya kiinua mgongo, Bwana Hallam alimwachia gari. Akatia sahihi, akampa mkono, akapanda ndege.

Watu walimpongeza Joash. Wengine walimwonea wivu. Ni Rael peke yake aliyeuliza, "Tutalila?"

Kwa maana nyumba kubwa ya Bwana Hallam ilikuwa imeuzwa. Mmiliki mpya anahamia mwisho wa mwezi na dereva wake mwenyewe, na chumba cha nyuma alicholala Lornah tangu azaliwe kinatakiwa. Kule Riruta, upande wa Satellite, Mama Wanjugu alikuwa amewawekea kiwanja. Shilingi elfu kumi na mbili, hapunguzi. Kila Jumapili baada ya ibada Rael alipita huko kukitazama. Alishajua mlango wa jikoni utaelekea wapi. Alishajua Lornah atapita njia gani kwenda shule.

"Nawangoja mpaka kesho jioni, binti yangu," Mama Wanjugu alikuwa amesema jana. "Si kwamba siwapendi. Kuna mwalimu anakuja na pesa mkononi."

Kwa hiyo gari lazima liuzwe. Na kulikuwa na mawili ya kuvuka. La kwanza, gari liliingia nchini bila ushuru, kwa sababu ya kazi ya Bwana Hallam. Halibadilishwi jina mpaka ushuru ulipwe, na ushuru hufuata thamani itakayoandikwa na mkadiriaji. La pili ndilo lililomnyima Rael usingizi. Thamani yenyewe ni ipi?

Peugeot ina bei, kila mtu Nairobi anaijua. Folksi ina bei. Hata ng'ombe ana bei. Lakini gari ambalo ni moja tu Kenya nzima, utalilinganisha na nani?

Bwana Jamleck, tajiri mwenye maofisi kule Hurlingham, alikuwa ametaja elfu thelathini kwa mdomo. "Niliiona ikikimbia Nakuru," alisema. "Hiyo gari si gari, ni ndege imekatwa mabawa." Elfu thelathini! Ni kiwanja, ni mabati, ni saruji, na karo ya Lornah juu yake.

Kisha ikaja siku ya jana, siku ya Grogan, barabara ya mafundi na wauza magari.

*

Joash ndiye aliyetaka kwenda. "Tupate bei ya pili," alisema, "tajiri asitucheze." Wakaenda kwa Wainaina, mnunuzi wa magari yaliyotumika, ambaye husifiwa kwamba gari likikohoa nyuma yake hukutajia bei bila kugeuka.

Safari hii aligeuka. Akalizunguka Mjusi, ametia mikono mfukoni.

"Inabeba watu wangapi?"

"Wawili," Joash alisema.

"Na nyuma?"

"Nyuma hakuna."

"Sasa ukibeba bibi, mama mkwe atakaa wapi?"

Mafundi waliokuwa chini ya magari walitoa vichwa kucheka.

"Hii si ya kubeba watu, bwana. Ni ya mbio."

"Mbio ya nini? Umekimbia polisi?"

Wakacheka tena. Rael alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Spea zake ziko wapi?"

"Italia."

"Basi taa ikivunjika nipande meli."

"Wainaina, taja bei," Joash alisema. "Mzaha tutafanya kesho."

Ndipo Wainaina alipoingiza mkono mfukoni akatoa sumaku. Hakuna mnunuzi wa Grogan asiyekuwa nayo. Gari likipinduka njia ya Nakuru, hunyooshwa kwa nyundo, mashimo yakajazwa puti, ule udongo wa mafundi, likapigwa rangi na kung'aa kama bibi harusi. Macho hayaoni kitu. Lakini ukipitisha sumaku, penye chuma hunasa, na penye puti huanguka.

Akaiweka juu ya boneti. Ikaanguka.

Akaiweka mlangoni. Ikaanguka.

Akaiweka juu ya paa. Ikateleza mpaka chini, ikagonga kiatu chake.

Hakuna aliyecheka tena. Fundi mmoja alipiga mluzi. Wainaina akagonga boneti kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kama daktari.

"Pole sana, bwana. Hii gari ilikufa zamani. Kilichobaki ni puti na rangi. Nitakupa elfu tatu, na hiyo ni ya injini. Nitaifungia mtambo wa kusaga mahindi."

Walirudi Lavington. Joash aliendesha polepole, kama anayebeba maiti.

*

Sasa turudi gizani.

Joash aliupata mfuniko, akaugonga kidogo kwenye goti lake kuondoa vumbi. Tang.

"Rudia," Rael alisema.

"Nirudie nini?"

"Huo mlio. Gonga tena."

Joash akagonga. Rael akawasha taa ya chemni, akamnyang'anya mfuniko, akaugonga mwenyewe kwa kifundo cha kidole. Huu mlio aliusikia wapi? Aliusikia jana! Wainaina alipogonga boneti, puti haikulia puu kama ukuta wa udongo. Ililia tang!

Akaingiza mkono chini ya mto wa Lornah. Mtoto huyo alikuwa na sumaku ya spika ya redio iliyokufa; ndiyo aliyookotea pini za mama yake. Rael akaibandika kwenye mfuniko.

Ikaanguka.

Akaibandika kwenye sufuria. Ikaanguka. Akaibandika kwenye kisu. Ikanasa tap!

"Baba Lornah," alisema taratibu, "sufuria yangu ina puti?"

Joash alimtazama mke wake. Akaitazama sufuria. Kisha akaketi juu ya gunia la makaa.

"Bwana Hallam hakutaka niegemee ile gari," alisema. "Siku ya kwanza kuiosha, nikaweka paja hivi, akapiga kelele: 'Joash! Itabonyea!' Mimi nikadhani ni maringo ya Wazungu."

"Ni alumini kama sufuria. Nzima nzima. Walilifanya jepesi likimbie."

"Mama Lornah!"

"Nini?"

"Wewe shule ya jioni inakusaidia."

"Hata hiyo shule haijafika kwa sumaku. Ni sufuria imenisaidia. Hebu rudisha mafuta yangu."

Walicheka, msomaji, wakajiziba midomo wasimwamshe mtoto. Kwa muda mfupi kiwanja cha Riruta kilikuwa pale chumbani, na mlango wake wa jikoni ukiwa wazi.

Lakini kicheko cha Joash kilikatika. Alikuwa amepata wazo, na Rael aliyajua mawazo ya Joash kwa jinsi yalivyomfanya asimame wima.

"Mkadiriaji anakuja asubuhi," alisema. "Na yeye atakuja na sumaku."

"Tutamwonyesha sufuria."

"Hapana! Tutanyamaza. Sikiliza. Aweke sumaku yake, ianguke, aandike puti. Gari ya puti ushuru wake ni kidogo. Tunalipa, tunamaliza. Halafu mchana Bwana Jamleck akija, yeye ndiye tunamwonyesha sufuria. Analipa bei ya ndege."

"Huo ni uongo, Baba Lornah."

"Uongo ni kusema. Mimi nimesema kitu?"

"Mungu ameniumba na masikio. Nimekusikia."

"Na akikadiria ya kweli, ushuru wa kweli utalipa na nini? Na hii mwiko?"

Hilo lilimkera Rael kuliko wazo lenyewe. Ndivyo ilivyokuwa tangu Mjusi awe wao. Likiwa na thamani, hawawezi kulilipia. Likikosa thamani, hawawezi kuliuza. Kila mlango uliofunguka ulikuwa na mwingine nyuma yake, umefungwa.

"Mimi sisemi ndiyo," alisema mwishowe. "Na sisemi hapana."

Laiti angalisema hapana! Lakini tusimtangulie.

*

Asubuhi yaya wa jirani alipita kwenda dukani, kwenye kona, na Lornah akamfuata kununua sukari. Rael alikuwa anakoroga uji aliposikia hodi.

Mkadiriaji alikuwa Bwana Nzuki, mtu mwembamba mwenye tai na mkoba wa ngozi. Mpishi wa nyumba ya tatu ndiye aliyewaelekeza kwake. Ana chumba mjini, juu ya duka la viatu, na mhuri wake hukubalika. Hakutaka chai. Hakutaka kiti. Alitoa kitabu kinene cha bei za magari, akalamba kidole, akafungua kurasa, akafunga.

"Haimo," alisema.

"Ni ya Italia," Joash alisema kwa adabu.

"Mimi sikuuliza ni ya wapi. Nimesema haimo. Gari ambayo haimo kwa kitabu nakadiria na mikono yangu."

Akatoa sumaku. Rael, mlangoni, alishika fremu.

Boneti: ikaanguka. Mlango: ikaanguka. Bwana Nzuki hakupiga mluzi wala hakushangaa. Aliokota sumaku yake kama mtu aliyejua itakapoangukia.

"Puti," alisema.

Joash akatazama mbingu, uso mtakatifu. "Kama ni hivyo, bwana, tutafanyaje?"

"Puti tupu. Naandika."

Kalamu ilikuwa imeshatolewa, na Joash alikuwa ameanza kumkonyeza mke wake kwa jicho la upande wa ukuta, pale geti lilipolia.

"Hodi wenyewe! Nimechelewa au nimewahi?"

Ni Bwana Jamleck!

Hakutakiwa kuja mpaka mchana. Lakini huyo hapo, tumbo mbele, suti ya rangi ya kahawa, anapangusa vumbi la viatu kwa leso.

"Nimewahi, naona. Usingizi ulinikataa, nikasema nije nimuone Mjusi wangu." Akamgeukia Nzuki. "Na huyu bwana ni nani? Sina bahati ya kukufahamu."

"Nzuki, mkadiriaji."

"Vizuri sana! Basi nitasikia kwa masikio yangu. Unaonaje gari, Bwana Nzuki?"

Joash alifungua mdomo. Nzuki akamtangulia.

"Puti."

"Nini?"

"Kutoka pua mpaka mkia. Tazama." Akaiweka sumaku juu ya paa. Ikateleza, ikaanguka miguuni pa tajiri.

Bwana Jamleck aliitazama ile sumaku. Kisha akamtazama Joash, na sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu aliyeumizwa na ndugu.

"Joash. Mimi nilikutajia elfu thelathini. Na wewe ulitaka kuniuzia puti?"

"Hapana, mzee! Si puti!"

"Si puti?"

"Ni alumini, mzee. Ni gari ya mbio. Sumaku haiwezi kushika."

"Ngoja kidogo," Nzuki alisema. "Nilipoweka sumaku mara ya kwanza ulisema nini?"

Joash akapangusa kioo cha gari kwa kiganja.

"Nimekuuliza. Nilisema puti, wewe ukasema nini?"

"Nilisema… tutafanyaje."

"Ahaa. Mkadiriaji akiwa peke yake ni puti. Mnunuzi akija inageuka alumini. Gari yako inajua kubadilika, bwana."

Bwana Jamleck alicheka kidogo, kwa huruma. Kicheko hicho kilimchoma Rael kuliko matusi. Alirudi ndani, akamimina uji wote kwenye bakuli, akatoka na sufuria mkononi, bado inatoka mvuke.

"Samahani, wazee wangu. Bwana Nzuki, weka sumaku yako hapa."

"Mama, sikuja kukadiria sufuria."

"Najua. Weka tu."

"Kazi hii nimeisomea."

"Ndiyo maana nakuomba wewe, sikumwomba mtu wa bustani. Weka, tafadhali."

Hakuweka. Rael akaokota sumaku yake chini, akaiweka mwenyewe. Ikaanguka. Akagonga sufuria kwa kidole: tang. Akagonga boneti: tang.

"Mmesikia? Ni madini moja. Sasa nani amewahi kuona sufuria ya puti? Ningepikia wapi?"

"Mama Lornah," Bwana Jamleck alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto kushika kijiko, "gari si chombo cha jikoni."

"Sijasema ni chombo cha jikoni, mzee. Nasema—"

"Nakuelewa. Hasira ni haki yako. Umedanganywa na Mzungu, na wewe si wa kwanza."

"Basi kwangueni rangi! Hapa chini, chini ya mlango, mahali hapaonekani. Tuone kama itatoka unga mweupe au madini."

"Siharibu mali ya watu," Nzuki alisema. "Sheria hainiruhusu."

"Mali ni yetu! Mimi nakuruhusu!"

"Jina kwa kitabu cha gari bado ni la Mzungu, mama. Yeye ndiye wa kuniruhusu. Mpigie simu Uingereza."

Rael alitaka kulia. Hakulia. Ukweli ulikuwa mkononi mwake, una moto, una mpini, na hakuna aliyetaka kuushika. Na kilichomuuma zaidi ni hiki: wangeusema mwanzo ungekuwa ukweli. Sasa umekuwa kisingizio. Alimtazama Joash, na Joash akatazama viatu vyake. Mle mle katika ukimya walioupanga alfajiri ndimo walimotumbukia.

*

Bwana Jamleck alilizunguka Mjusi mara nyingine. Mkono wake ulipita juu ya boneti taratibu, taratibu sana, mtu angedhani anapapasa shingo ya farasi wake mwenyewe.

"Mimi ni Mkristo," alisema. "Siwezi kuacha watu barabarani na mtoto. Joash, kile kiwanja cha Riruta ni bei gani?"

"Elfu kumi na mbili, mzee. Mwisho ni leo jioni."

"Basi sikiliza. Bwana Nzuki aandike puti yake. Ushuru mimi nitalipa, usiguse mfuko wako. Na nitakupa elfu kumi na mbili. Leo. Sasa hivi." Akagonga mfuko wa koti. "Grogan wangekupa ngapi?"

"Elfu tatu," Joash alisema kwa sauti ndogo.

"Unaona? Nakupa mara nne kwa kitu ambayo nitaweka kwa sebule wajukuu wachezee."

Joash akapumua kama mtu aliyetua mzigo. Rael hakupumua.

Elfu kumi na mbili. Si kumi na moja. Si kumi na tatu. Mbona imelingana na kiwanja kama kifuniko na mkebe wake? Huyu mtu, Rael aliwaza, hakadirii gari. Anatukadiria sisi. Anapima tumechoka kiasi gani, na hapo ndipo anapoweka bei.

"Baba Lornah, njoo kidogo."

Wakasimama nyuma ya kamba ya nguo.

"Usitie sahihi."

"Mama Lornah, tafadhali."

"Tutafute mkadiriaji mwingine. Tutafute hata Mhindi mmoja wa mashindano, watu wanaojua haya magari. Wiki moja tu."

"Wiki moja Mama Wanjugu atakuwa amekula pesa ya mwalimu! Wewe ndiye umenilia kiwanja, kiwanja, tangu Krismasi. Sasa kiwanja hiki hapa na unakataa?"

"Sikatai kiwanja. Nakataa kuibiwa."

"Kuibiwa na nani? Mtu anatoa pesa yake mwenyewe!" Sauti yake ilipasuka. "Nimeendesha Mzungu miaka yote hiyo, Rael. Nimefungua milango mpaka mkono umeota sugu. Akanipa kitu sijui bei yake, na kila ninayemuuliza ananicheka. Nimechoka kuuliza. Mtu mmoja ametaja bei bila kucheka. Wacha niichukue."

Alimwita Rael. Si Mama Lornah. Alikuwa hajamwita hivyo tangu uchumba, na hasira yote ya Rael ikalainika mahali ambapo hakuitaka ilainike. Aliuona mkono wa Joash. Aliuona mwisho wa mwezi. Akaona vitu vyao vyote juu ya mkokoteni, na Lornah juu ya godoro.

"Fanya unavyoona," alisema.

Karatasi zilitandazwa juu ya boneti. Ya mkadiriaji ilikuwa imeshapigwa mhuri. Ya mauziano ilitoka kwenye mkoba wa Nzuki, imeshachapwa vizuri kwa taipureta, nafasi imeachwa ya jina na ya bei tu.

"Hapa," Bwana Jamleck alionyesha kwa kidole. "Na mama naye atie hapa, awe shahidi. Mambo yawe wazi."

Joash akachukua kalamu. Akaandika J. Akaandika O. Akaupumzisha mkono juu ya gari, kisha akakumbuka akauondoa haraka, lisije likabonyea.

"Usiogope, kijana wangu," Bwana Jamleck alisema. "Andika."

Geti likalia. Lornah aliingia mbio, karatasi ya sukari kifuani, peremende shavuni, viatu vyekundu kwa vumbi la barabarani. Akasimama ghafla alipoona wageni.

"Aah, huyu ndiye Lornah!" Bwana Jamleck aliinama, mikono magotini, tabasamu limejaa uso. "Hujambo, mama mdogo? Njoo umsalimu mzee. Na umsalimu huyu bwana pia. Hata mimi ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona leo."

Lornah aliwaamkia kama alivyofundishwa. Akamtazama mmoja. Akamtazama wa pili. Akaisukuma peremende upande wa pili wa shavu, akamgeukia mama yake.

"Mama, pale dukani hawa wajomba walishuka kutoka gari moja."